Mawese kwenye Kitenge

Mtu aliyekulia mbali na Kigoma akisikia neno mawese hufikiria chakula. Sisi wa huku tunafikiria chakula, na papo hapo tunafikiria nguo. Maharage ya mawese, dagaa wa mawese, migebuka iliyoungwa kwa mawese na kuliwa kwa ugali wa muhogo: hivyo ndivyo vyakula vyetu kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, na hakuna mama wa huku ambaye hajawahi kumkanya mtoto, "Angalia shati lako!" kabla mtoto hajamega tonge la kwanza. Tone la mawese likianguka kwenye nguo huacha duara la rangi ya chungwa. Ukilifua kwa haraka linapungua kidogo, unafurahi, unaanika. Nguo ikikauka unalikuta duara lipo palepale, limetulia kama mwenye nyumba.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa mmoja wa akina mama wanaofua nguo za kanisa letu: vitambaa vya meza ya Bwana, majoho ya kwaya, na sare za vitenge ambazo wanakwaya huvaa kwenye sikukuu na mikutano ya injili. Si kazi inayotajwa kwenye matangazo ya Jumapili, nasi hatujaomba itajwe. Nilipoombwa kuandika juu ya imani nilisita, maana sikusoma chuo cha Biblia. Ninachokijua vizuri ni madoa. Kwa hiyo nitaandika juu ya madoa, hasa madoa ya nguo za rangi.

Nasema nguo za rangi kwa makusudi. Kitambaa cheupe cha pamba hakina la kuogopa. Utakichemsha, utakitia jiki, utakianika juani mchana kutwa, na kadiri unavyokitesa ndivyo kinavyong'aa. Nguo ya rangi ni habari nyingine, kwa sababu ina kitu cha kupoteza. Anayeifua ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuondoa kisichotakiwa na kulinda kinachotakiwa. Nimekuja kuamini kwamba kazi ya kanisa kwa watu wake ni hiyo hiyo. Mungu hakutuumba vitambaa vyeupe. Kila mmoja ana rangi yake aliyopewa na Muumba, na anayetaka kumsafisha ndugu yake lazima aijue rangi hiyo kwanza.

Aliyenifundisha kufua ni marehemu mama mkwe wangu. Alikuwa mwenyeji wa Ujiji, na maisha yake yote aliuza mawese, kwa chupa na kwa dumu. Madoa ya mawese aliyajua kama mvuvi anavyoujua upepo wa ziwa. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, kila doa lina kwao. Pajue kwao kwanza, ndipo utaijua njia ya kulirudisha."

Maneno hayo yamenisaidia sana. Doa la damu kwao ni mwilini. Ukilimwagia maji ya moto linaiva kama yai na kung'ang'ania uzi. Linataka maji baridi na chumvi kidogo, na lioshwe kabla halijakauka. Maziwa na yai ni ndugu zake, nayo hutaka ubaridi. Tope la barabara zetu nyekundu ni kinyume: mwenye pupa akilisugua likiwa bichi analisukuma ndani. Liache likauke, ulikung'ute, upitishe brashi, ndipo ufue. Wino wa kalamu unataka spiriti. Weka kitambaa cha kunyonya chini ya nguo, kisha udonoe kwa pamba ukitoka ukingoni kwenda katikati, ili doa lisitanuke. Kutu ya waya wa kuanikia inataka limau na chumvi, na kusuuzwa vizuri baadaye, kwa sababu limau nalo hula rangi likiachwa. Utomvu wa mgomba ndio mgumu kuliko yote. Ukiwa mbichi hauonekani; ukikaa hewani unageuka kahawia, na ukishakauka mara nyingi hautoki tena.

Ona jinsi dawa ya doa moja ilivyo sumu ya jingine. Maji ya moto yanayosaidia kwenye mafuta yanaharibu kwenye damu. Subira inayosaidia kwenye tope inaharibu kwenye utomvu. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike waraka wa kwanza, karibu na mwisho wake aliwagawia watu tiba tofauti: wakorofi onyo, waliokata tamaa faraja, wanyonge msaada, na uvumilivu kwa wote. Hakusema wote waloweshwe kwenye beseni moja.

Jambo la pili alilonifundisha mama mkwe ni kuiuliza nguo yenyewe. Chukua pindo la ndani, mahali ambapo macho ya watu hayafiki, ulilowanishe kwa maji ya sabuni, kisha ulikandamize kwa kitambaa cheupe dakika chache. Kitambaa kikitoka na rangi, ujue nguo hiyo inachuja. Ifue peke yake kwa maji baridi, wala usiiloweke. Kama kitambaa kimetoka kikiwa safi, unaweza kuendelea kwa moyo mkunjufu. Jaribio hili halichukui hata muda wa kuchemsha chai, lakini nguo nyingi zimeharibika kwa kukosa dakika hizo.

Sasa mawese yenyewe. Kwanza, usisugue. Ondoa yaliyo juu kwa kijiko au kwa kisu butu. Nyunyiza unga, wa muhogo unafaa, au poda ya mtoto, uuache nusu saa unyonye mafuta, kisha uukung'ute. Pili, usianze na maji. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, au sabuni ya mche iliyolowanishwa kidogo, moja kwa moja kwenye doa, upande wa ndani wa nguo, na ufikiche polepole kwa vidole. Acha nusu saa nyingine. Ndipo ulete maji ya uvuguvugu, kwa kadiri ulivyoona pindo linavumilia. Maji ya mvua yakiwepo ndiyo bora, maana maji ya ziwa letu yana madini mengi yaliyoyeyuka, na sabuni ya mche huchelewa kutoa povu ndani yake. Suuza, utazame, urudie. Mafuta yatatoka. Ile rangi ya chungwa inaweza kubaki, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Rangi ile ni karotini, ile ile iliyo kwenye karoti, na adui yake ni mwanga. Mama mkwe hakulijua neno karotini, lakini kazi ya jua aliijua. Aliianika nguo ikiwa na unyevu, akaifunika yote kwa kanga kuukuu na kuliacha doa peke yake wazi. Saa moja au mbili za jua la asubuhi zilimtosha, kisha akaigeuza nguo ndani nje na kuimalizia kivulini. Kesho yake tena. Jua linalofuta mawese ndilo hilo hilo linalopausha kitenge, kwa hiyo alilipimia. Na kwenye jambo moja alikuwa mkali: pasi isiiguse nguo mpaka doa limekwisha, maana moto wa pasi hulipika doa ndani ya uzi.

Jiki sikuitaja kati ya dawa hizo, kwa sababu jiki haijui kuchagua. Kwenye kitambaa cheupe cha pamba ni msaada. Kwenye kitenge inakula doa na ua la kitenge pamoja. Na yeyote asije akaichanganya na siki, limau au dawa za chooni, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Sasa niseme kilichonifanya niyatafakari haya yote.

Ninaye mtoto wa marehemu kaka yangu, binti niliyemlea tangu akiwa darasa la tano. Alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Mwaka aliomaliza kidato cha nne alipata ujauzito. Kijana aliyehusika alifanya kazi kwenye maboti ya mizigo. Alivuka kwenda upande wa Kongo na hajarudi. Binti alinieleza mwenyewe, usiku, akiwa amenipa mgongo. Tuliyozungumza usiku ule sitayaandika. Kulipokucha tulikwenda pamoja kwa mchungaji, naye akatupokea vizuri.

Baraza la wazee lilimweka chini ya marudi kama taratibu zetu zinavyotaka. Hilo sikulipinga. Kosa ni kosa, na mwenyewe alilikiri. Lakini wazee kadhaa walitaka zaidi. Walitaka asimamishwe mbele ya ibada ya Jumapili, jina lake litajwe na kosa lake litajwe, ili vijana wengine waogope. Na huko kwenye kwaya likatoka neno kwamba sare yake irudishwe apewe mwingine.

Sare hiyo ilikuwa kwangu, na ilikuwa na doa. Kwenye mkutano wa injili wa mwezi uliotangulia, wakati wa kupakua chakula, sufuria ya maharage iliinama na mchuzi wa mawese ukamwagika kuanzia kiunoni hadi karibu na pindo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapakulia wageni. Nalitaja hilo kwa sababu baada ya habari zake kuenea niliwasikia watu wakisema, "Hata nguo yake yenyewe ina doa," utadhani mawese yamekuwa shahidi. Doa lile lilimpata akihudumu.

Niliposikia maneno hayo niliikumbuka kanzu ya Yusufu. Ilikuwa nguo nzuri kuliko za ndugu zake wote. Wao wakaichovya katika damu ya mbuzi na kumpelekea baba yao. Yakobo alilitazama doa, akatoa hukumu yake, akamlilia kwa miaka mingi kijana ambaye alikuwa hai huko Misri. Damu aliyoiona ilikuwa damu kweli. Habari aliyoisoma ndani ya ile damu haikuwa kweli. Ndiyo sababu mama mkwe alikuwa akiuliza kwao kabla ya kushika sabuni.

Siku ya tatu tangu nianze kukifua kitenge kile, mwenyekiti wa akina mama alikuja kuichukua sare. Ni mama ninayemheshimu; amenizidi umri, na alianza kulitumikia kanisa kabla yangu. Nilimwamkia, nikampa kigoda, tukaulizana habari za nyumbani. Kitenge kilikuwa kwenye kamba, kimefunikwa kanga, doa peke yake likiwa wazi.

"Mdogo wangu, bado tu unahangaika na hilo doa?" aliniuliza. "Si utie jiki, limalizike leo?"

"Dada, unakikumbuka kile kitenge cha mwaka juzi?"

Akanyamaza. Kitenge kile tulikijua wote. Mwanakwaya mmoja alimwagikiwa mchuzi, mtu akamsaidia kwa jiki, kwa nia njema kabisa. Doa liliondoka siku ile ile. Palipokuwa na doa pakabaki baka jeupe kama sahani. Mwenye nguo aliivaa Jumapili moja, na macho ya watu wote yakaenda kwenye baka. Mchuzi ungesahaulika. Lile baka halikusahaulika, na yule dada hakuonekana tena kwenye safu ya waimbaji.

Nikamwambia, "Mnataka mtoto huyu asimamishwe mbele za watu. Nakubali, itaonekana doa limeshughulikiwa. Ila niambie, dada yangu, rangi itabaki?"

Hakunijibu hapo hapo. Aliinuka, akaifunua kanga, akakitazama kitenge upande wa ndani na upande wa nje. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na kama halitoki?"

Lilikuwa swali la haki, nami nikamjibu kwa kadiri ninavyojua. Siku ya kwanza doa lilikuwa kubwa kuliko kiganja. Sasa unalitafuta kwanza ndipo unaliona. Nitaendelea kulifua. Likibaki kivuli, nitashona mfuko wa kitenge hicho hicho juu yake, na nguo itavaliwa. "Ila kuitupa," nikasema, "mimi sitaitupa."

"Wazee wanasema tukinyamaza vijana watazoea."

"Sijasema tunyamaze, dada. Mimi sijanyamaza. Leo ni siku ya tatu nafua."

Alicheka kidogo, akaaga, akaondoka bila sare.

Baraza lilikaa wiki ile ile. Mimi si mjumbe, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa. Mchungaji aliwasomea sura ya 13 ya Mambo ya Walawi, zile aya za mwisho ambazo wengi wetu huziruka tunaposoma Biblia kwa mwaka. Zinahusu nguo iliyopatwa na pigo. Mmiliki anampelekea kuhani nguo yenye alama ya kijani au nyekundu. Kuhani haichomi siku ile. Anaitenga kwa siku 7, kisha anaitazama. Pigo likiwa limeenea, nguo inateketezwa. Likiwa halijaenea, anaagiza ifuliwe, halafu anaitenga siku 7 nyingine. Anaitazama tena. Alama ikiwa imefifia, anakirarua kipande kile peke yake na nguo inabaki. Alama ikiwa imeondoka, nguo inafuliwa mara ya pili, nayo inakuwa safi.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi tangu wakati ule. Moto upo ndani yake, siwezi kuufuta. Mungu hafanyi mzaha na kitu kinachoenea na kula wengine, na kanisa lisilokuwa na marudi kabisa ni kama nyumba ambayo hakuna anayefua. Lakini hesabu zile siku. Hesabu ni mara ngapi kuhani anaagizwa atazame tena. Sheria ambayo sisi huidhania kuwa kali iliona nguo ya sufi au ya kitani inastahili juma zima la kungojewa, na juma la pili, kabla mtu hajaikatia tamaa. Je, mtoto wa kidato cha nne?

Uamuzi wa baraza ulikuwa huu: marudi yabaki kwa muda uliowekwa, tangazo la mbele ya ibada lisiwepo, na mama wawili wamtembelee binti kila wiki, wasome naye Neno na kuomba naye. Mwenyekiti wa akina mama alijitaja mwenyewe kuwa mmoja wa hao wawili. Amekuwa akija na kitabu chake cha nyimbo na fungu la mboga, na baada ya mtoto kuzaliwa alikuja na sabuni na khanga mbili.

Si kila mtu aliridhika. Mzee mmoja aliniambia waziwazi kwamba tumelegeza kamba. Namheshimu, na hofu yake naielewa, maana ana mabinti nyumbani. Lakini mimi ninayo hofu nyingine. Mji wetu wenyewe una doa. Ujiji ilikuwa kituo cha biashara ya utumwa, na watu walipitishwa hapa kwa minyororo kuelekea pwani. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na wale wa White Fathers wakafika mwaka 1879, wakati biashara hiyo ingali hai. Injili haikungoja mji utakate ndipo iingie. Kama ingengoja, mimi na mzee yule tusingekuwa na kanisa la kubishania.

Manabii nao wamenisaidia, kwa sababu walijua habari za kufua. Yeremia aliwaambia watu wake kwamba hata wakijiosha kwa magadi na sabuni nyingi, alama ya uovu wao bado iko mbele za Mungu. Malaki alimfananisha Bwana na vitu viwili: moto wa mtu anayesafisha fedha, na sabuni ya mtu anayefua nguo. Nikiwaweka manabii hawa pamoja naelewa hivi: doa la dhambi hakuna mwanadamu anayelitoa, wala baraza, wala mchungaji, wala shangazi mwenye kanga kuukuu. Bwana mwenyewe ndiye sabuni. Sisi tumepewa kazi ya kumpeleka mtu kwenye maji na kuhakikisha mikono yetu haimchani njiani.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mawese ambalo wasio wa huku huenda hawalijui. Sabuni inayotoa mawese kwenye nguo, hapa kwetu hutengenezwa kwa mawese. Mkoa wetu ni wa michikichi. Ndiyo maana serikali ilipoanza kulifufua zao hili mwaka 2018, kituo cha utafiti cha Kihinga ndicho kilichopewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Vikundi vya akina mama huchanganya mawese na kostiki soda na kupata sabuni ya vipande. Zamani maji makali yaliyochujwa kwenye majivu yalifanya kazi hiyo. Kostiki huunguza ngozi, si kitu cha kuchezea, lakini mafuta yakishapita humo hayawi mafuta tena. Kila chembe ya sabuni ina pande mbili: mmoja hushika mafuta, mwingine hushika maji. Kwa hiyo inaweza kusimama katikati ya vitu viwili visivyopatana, ikakichukua kimoja na kukikabidhi kwa kingine. Kila nikifikicha povu namkumbuka Mpatanishi wetu, aliyeshika mkono wa Mungu na mkono wetu kwa pamoja, wala hakuona haya kuguswa na uchafu wetu.

Na ninaona jambo hilo pia kwa binti yangu. Muda wa marudi umekwisha, na amepokelewa tena kwenye meza ya Bwana. Mtoto wake ana miezi minane na amekuwa kipenzi cha benchi zima la akina mama. Juzi nilimkuta uani na mabinti wawili wa kidato cha tatu, wanaosali pamoja nasi. Aliponiona hakunyamaza. Alikuwa akiwaeleza juu ya kijana anayekuja na maneno matamu na vocha za simu, juu ya namna ya kukataa, na juu ya mtu wa kumwendea wakizidiwa. Aliwaambia mambo ambayo mimi na umri wangu nisingeweza kuwaambia wakanisikiliza. Mawese yamepita kwenye majivu.

Lakini sitaki kusimulia kana kwamba yote yamekwisha. Kwaya imemwita mara mbili arudi, naye bado hajarudi. Anasema atarudi moyo wake ukiwa tayari. Jumapili ninamwona anasimama benchi la tatu, anaimba sauti ya kwanza kwa chini, mtoto mgongoni. Kitenge chake kimekunjwa kwenye sanduku langu. Doa halionekani, isipokuwa ukikigeuza kwenye mwanga ukijua pa kutazama. Mfuko sikuushona. Nilimwachia mwenyewe aamue.

Ndugu msomaji, huenda nawe unayo nguo ya rangi uliyoisukumia chini ya sanduku kwa sababu ya doa. Itoe. Uliza kwanza doa ni la nini. Jaribu pindo. Paka sabuni kwa ndani, uache muda, uisuuze, uitazame, urudie kesho, na pasi uiweke mbali. Na kama yupo mtu ambaye kanisa lako limemsukuma vivyo hivyo, nenda ukamwamkie wiki hii. Usiende na hotuba. Nenda kama mtu aliyekuja kukaa, na ujiandae kwenda tena.